Barua ya wazi kwa wanaotuchagulia zana za kufundishia

Kwenu wakuu wa elimu, wakurugenzi, wakuu wa shule, na ninyi mnaokaa kwenye kamati za zabuni,

Yah: Kazi za wanafunzi na mlango wa kutokea

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Asubuhi moja niliingia darasani nikiwa nimejipanga vizuri. Projekta imewaka, wanafunzi wametulia, nikafungua ukurasa ambao darasa lile lilikuwa likiutumia kwa miaka mitatu. Humo mlikuwa na michoro ya majaribio yao, maelezo waliyoandika wenyewe, maswali waliyoulizana usiku mimi nikiwa nimeshalala, na majibu waliyosahihishana bila kunisubiri. Badala ya ukurasa likatokea tangazo la mistari miwili: huduma imefungwa, tunawashukuru kwa kuwa nasi. Mwanafunzi wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, na zangu je?" Nikamwambia nitafuatilia. Nilifuatilia. Onyo lilikuwa limetumwa kwa barua pepe ya mtu aliyesaini mkataba, ambaye alishahamishwa kituo cha kazi, na tarehe ya mwisho ya kupakua ilikuwa imepita siku kumi na moja.

Sitaitaja kampuni wala shule, maana hazina upekee wowote. Naandika kwa sababu mko mbioni kusaini mikataba mingine, na katika maonyesho yote ya wauzaji niliyoalikwa sijasikia mtu akiuliza swali la yule mtoto.

Mimi si katika wale wanaolilia ubao na chaki. Nafundisha fizikia na hisabati, na yapo mambo niliyoyafundisha kwa maneno matupu miaka mingi mpaka zana hizi zilipokuja. Chukueni saketi ya umeme. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ndani yake mna maabara za kuigiza zinazofunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Mwanafunzi anavuta betri, anavuta waya, anavuta balbu, anaunganisha, na elektroni zinaonekana zikiandamana ndani ya waya kama siafu.

Siku moja niliwaacha wanafunzi watatu waunganishe watakavyo. Binti mmoja akaondoa balbu, akapitisha waya kutoka ncha moja ya betri moja kwa moja hadi ncha ya pili. Elektroni zikatimua mbio, kisha betri ikashika moto pale pale kwenye skrini. Wakacheka, wakaita wenzao waje kuona. Halafu yule binti akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza: akairudisha balbu mahali pake, moto ukazimika, akasema, "Kumbe balbu ndiyo iliyokuwa inauzuia umeme." Neno "ukinzani" lilikuwa ubaoni juma zima. Halikumwingia mtu kichwani mpaka betri ilipoungua.

Sasa, neno "shirikishi" limechakaa kwenye vipeperushi mnavyoletewa. Nimeoneshwa zana "shirikishi" ambayo ni video yenye kitufe cha "Endelea" mwishoni, kisha majibu manne ya kuchagua, na ukipata jibu sahihi nyota zinamwagika kwenye skrini. Kubonyeza "Endelea" si kushiriki. Ni kufunua ukurasa kwa kidole kingine. Kipimo changu ni kimoja: je, mwanafunzi anaweza kukosea kwa njia yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemwandalia? Pale penye betri inayoungua, anaweza. Penye majibu manne hawezi, kwa kuwa hata makosa yake matatu yameshatungwa na mtu mwingine.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliokaa kusikiliza mihadhara walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ukilinganisha na waliofundishwa kwa kushirikishwa. Wauzaji wanaupenda sana uchambuzi huo. Wasichowaambia ni kwamba ushirikishwaji uliopimwa mle ulikuwa wa kila namna: majadiliano, kazi za vikundi, maswali ya papo hapo, mengi yake hayahitaji hata waya wa umeme. Mtoto anayetazama tu anabaki mtazamaji, awe mbele ya ubao au mbele ya skrini ya bei mbaya.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa historia yenyewe iko upande wangu. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa mtandao wa kurasa tunaoutumia leo, alipotengeneza kivinjari cha kwanza pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, mwaka 1990, kivinjari hicho kilikuwa pia kihariri. Ulisoma ukurasa na kuandika ukurasa kwa chombo kile kile. Vivinjari vilivyokuja kuenea kwa umma vikaacha upande wa kuandika, na watu wakazoea kwamba mtandao ni mahali pa kutembelea na kuangalia, kama wageni. Waswahili wana msimamo wao kuhusu mgeni: siku ya tatu mpe jembe. Jembe lilitoka kwa Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, mwaka 1995, alipofungua tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri, akaiita kwa neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka": wiki. Januari 2001 ikazaliwa Wikipedia kwa mtindo huo huo, na miaka miwili baadaye ikawepo ya Kiswahili.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeona kosa kwenye makala ya Wikipedia ya Kiswahili. Akalisahihisha, akaja kunitambia. Tulipoifungua pamoja tukakuta sahihisho limeshaondolewa. Uso ukamshuka. Nikamwambia bofya historia ya ukurasa, na hapo tukaona mstari mfupi wa mhariri aliyeliondoa: hakuna chanzo. Kijana akakasirika, akasema lakini ndiyo kweli. Nikamjibu kwamba yule mtu hana njia ya kulijua hilo. Siku tatu baadaye alirudi na kitabu kutoka maktaba, akaandika upya, safari hii akiwa na jina la kitabu na namba ya ukurasa, na akaacha maelezo kwenye ukurasa wa majadiliano. Sahihisho likabaki. Nimefundisha maana ya "chanzo" kwa zaidi ya muongo, na sijawahi kuifundisha vizuri kama alivyofundishwa na mtu asiyemfahamu, kwa maneno mawili.

Kuna kisa kingine, cha Scratch. Hii ni zana ya kufundishia programu iliyotoka MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 2007, ambamo mtoto hupanga vipande vya amri kama anayejenga kwa matofali. Kazi ikishachapishwa, mtu yeyote anaweza kuifungua ndani, akaona ilivyojengwa, akatoa nakala na kuibadilisha. Vijana wawili wa darasa langu nusura wapigane. Mmoja alidai mwenzake "ameniibia" mchezo wake wa paka anayeruka vizuizi. Tukaufungua mchezo wa pili. Chini yake palikuwa pameandikwa, bila mtu kuombwa, kwamba umetokana na kazi ya yule wa kwanza, na jina lake lipo. Nikamwuliza mlalamikaji: na wewe paka wako alitoka wapi? Akanyamaza, kwani naye alikuwa amechukua mfumo wa kuruka kutoka kwa mtoto wa nchi nyingine kabisa, na jina la huyo mtoto lilikuwa chini ya mchezo wake. Jioni ile walitengeneza toleo la tatu wakiwa pamoja. Kila kazi inayochapishwa Scratch iko chini ya leseni huria ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha mradi amtaje mwenyewe na naye aiache wazi vile vile. Wale wawili walielewa haki ya mtunzi wakiwa na hasira, na nadhani ndiyo maana hawajaisahau.

Kwa hiyo mnaponisikia nikisema "kazi ya mwanafunzi", sina maana ya karatasi ya mtihani. Nina maana ya mchezo uliotengenezwa, makala iliyosahihishwa, mchoro unaocheza ukiuvuta, pamoja na njia nzima iliyopitiwa hadi ukafika hapo. Vitu hivi vinatengenezwa na watoto, na leo vingi vinakaa kwenye seva za watu ambao sisi walimu hatujawahi kuwaona.

Na hao watu huondoka. Wikispaces, ambayo walimu wengi waliitumia kujenga kurasa za madarasa yao, ilianza kufungwa mwaka 2018. Edmodo ilifunga milango tarehe 22 Septemba 2022, nayo ilikuwa darasa la mtandaoni la mamilioni. Jamboard, ubao mweupe wa Google uliopendwa sana shule zilipofungwa wakati wa korona, ukazimwa mwishoni mwa 2024. Hizi ni huduma kubwa zilizotoa taarifa mapema. Ndogo hufa kimya kimya. Kampuni ina haki ya kufunga duka lake, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba tumeweka vitu vya watoto humo bila kuuliza ufunguo uko kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi hatukuwa na daftari.

Kifo cha Flash ndicho kilichonifunza zaidi. Kwa miaka mingi karibu kila kitu chenye mwendo kwenye mtandao, michezo, maabara za kuigiza, maswali ya kubofya, kiliendeshwa na teknolojia hiyo ya kampuni ya Adobe. Mwaka 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaiacha ifikapo mwisho wa 2020, na tarehe 12 Januari 2021 Flash ikazuiwa isifanye kazi. Nilikuwa na sidii kabatini yenye masomo tuliyoyalipia. Ikageuka kioo cha kujitazamia. Lakini zile maabara za PhET hazikufa. Wenyewe walikaa chini wakaziandika upya, moja baada ya nyingine, kwa lugha ya wazi ambayo kila kivinjari kinaielewa. Scratch nayo ilihama mapema, ikatoa toleo lake la tatu Januari 2019. Waliojenga juu ya kitu kilicho wazi, au waliowahi kuhama kwenda huko, wapo. Kabati langu linao waliobaki na Flash.

Hata zana ninayoipenda kuliko zote sina hakika nayo kwa asilimia mia. GeoGebra ilianza mwaka 2001 kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter kule Salzburg, na kwa jiometri sijaona mfano wake: unachora nusu duara, unaweka nukta juu yake, unaiunganisha na ncha mbili za kipenyo, kisha unamwambia mtoto aivute ile nukta. Anaivuta kulia, kushoto, anaibana hadi pembeni kabisa akitafuta kuivunja kanuni. Pembe inagoma kwenye nyuzi 90. Mwaka 2021 GeoGebra ilinunuliwa na BYJU'S, kampuni ya elimu ya mtandaoni ya India. Habari ile sikuipenda, lakini usiku nililala, kwa kuwa mafaili yangu na ya wanafunzi wangu yako kwenye kompyuta yetu, na programu yenyewe nimeiweka humo humo. Anayemiliki kampuni akibadilika, nusu duara langu halina habari.

Tena kuna jambo jipya linaloongeza uzito wa haya yote. Tangu ChatGPT, programu inayokuandikia chochote utakachoiomba, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, insha nadhifu si ushahidi wa kitu tena. Mwanafunzi anaweza kuniletea kurasa tano zisizo na kosa hata moja, na ndani yake asiwemo. Walimu wenzangu wamekimbilia programu za kunusa maandishi ya mashine, ambazo zimewahi kumsingizia mtoto aliyeandika kwa mkono wake. Mimi natazama njia. Nafungua historia ya marekebisho ya hati yake: alianza saa ngapi, alifuta nini, ni wapi alikwama juzi akarudi leo, mwenzake alimshauri nini pembeni na yeye alikataa kwa hoja gani. Mtoto aliyefikiri huacha nyayo, na ziko shaghalabaghala. Insha iliyobandikwa mara moja haina nyayo.

Sasa fikirini: mifumo mingi ikikuruhusu kupakua kazi, inakupa hati ya mwisho peke yake. Nyayo zinabaki kwao. Yaani kile kitu ambacho leo ndicho chenye thamani kuliko vyote darasani, ndicho tusichoweza kuondoka nacho. Hili sijaona likiguswa katika mkataba wowote niliowahi kusoma, na nimesoma kadhaa, hadi zile herufi ndogo.

Kuhusu data binafsi za watoto sitasema mengi, wapo wenye mamlaka ya kusema kuliko mimi. Ila mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza zana za elimu zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49 wakati wa korona, likakuta karibu tisa katika kila kumi zilishughulikia data kwa namna inayohatarisha au kukiuka haki za watoto. Zilipendekezwa na serikali. Mtu kama ninyi alizipitisha, pengine kwa haraka, pengine kwa nia njema kabisa.

Na mnisamehe nikiligusa la intaneti, ambalo kila mwalimu hulalamikia. Zana bora kwangu ni ile inayofanya kazi hata mtandao ukikatika katikati ya kipindi. Jambo hili limeshatatuliwa. Maabara za PhET zinapakuliwa. Programu ya Kiwix inaiweka Wikipedia nzima kwenye diski ndogo, na ile ya Kolibri inaigeuza kompyuta moja kuwa maktaba ya darasa zima bila kugusa intaneti, kila mwanafunzi akijisomea kwa kasi yake. Yote ni bure. Labda ndiyo sababu hayana muuzaji wa kuja kuwaonyesha.

Nawaomba nini, basi?

Naomba kila mkataba uwe na kifungu cha kutoka. Kiseme kazi ya mwanafunzi ni mali ya mwanafunzi. Kwamba yeye mwenyewe, siyo msimamizi wa mfumo peke yake, anaweza kuichukua siku yoyote pamoja na historia yake, katika aina ya faili linalofunguka kwa programu nyingine. Na kwamba huduma ikifungwa, taarifa imfikie kila mwenye akaunti, isiishie kwenye barua pepe ya mtu mmoja aliyehama. Kampuni itakayokataa itakuwa imewajibu swali ambalo hamkuliuliza.

Naomba pia masomo tunayoyaandaa sisi walimu kwa muda wa kazi yatolewe chini ya leseni huria. Si wazo langu. Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo juu ya rasilimali huria za elimu Novemba 2019, kwa makubaliano ya nchi wanachama. Kwa sasa somo zuri la mwalimu mmoja linafungiwa ndani ya akaunti ya shule yake, na wa shule ya pili anakesha akiandaa lile lile.

Na muda. Mnanunua zana ya gharama, mnatupa mafunzo ya nusu siku pamoja na cheti, kisha mnashangaa kwamba inatumika kuchukulia mahudhurio tu. Kufika kwenye ile betri inayoungua kulinichukua majuma ya kuchezea peke yangu, usiku, nikikosea. Mwalimu asiyepewa nafasi ya kukosea atakimbilia kitufe cha "Endelea", na simlaumu.

Nimesikia kuna maonyesho mengine yanakuja, na kwamba walimu wachache wataalikwa. Nitaomba niwemo. Muuzaji atakapomaliza slaidi zake, mwambieni amkabidhi kompyuta mwanafunzi mmoja, yeyote. Mtoto atengeneze kitu kwa robo saa: mchoro, ukurasa, mchezo, chochote. Kisha muuzaji aitoe kazi ile nje ya mfumo wake mbele ya macho yenu, izimwe intaneti, na faili lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine isiyo yake. Msiangalie skrini. Mwangalieni mtoto, kama anaitambua kazi yake.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia na hisabati